Cyril Garnham: daktari wa Kisumu aliyeifuata malaria hadi ndani ya ini

Majira ya baridi mjini Toronto hayana mbu. Kuanzia Desemba hadi Machi theluji hufunika bustani, maji ya kando ya Ziwa Ontario hugeuka barafu, na mtu aliyehamia huko kutoka Asmara au Addis Ababa hujifunza kuogopa utelezi wa njiani kuliko kuumwa na mdudu.

Hata hivyo, madaktari wa magonjwa ya nchi za joto katika mji huo wanamfahamu vyema mgonjwa wa aina moja. Ni mtu aliyewasili Kanada miezi sita iliyopita, pengine hata mwaka mzima, na ambaye tangu hapo amekuwa na afya njema. Ghafla hutetemeka kwa baridi, homa humpanda, hutokwa na jasho jingi, kisha hupata nafuu na kudhani kwamba yamekwisha. Baada ya saa 48 homa humrudia.

Damu yake ikitazamwa kwa hadubini, huonekana vimelea vya malaria vya aina ya Plasmodium vivax. Hakuna mbu wa Toronto aliyemwambukiza. Mgonjwa alikuja navyo mwenyewe, vimelala ndani ya ini lake, na wala hakujua.

Mfaransa Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria ndani ya damu ya binadamu mwaka 1880. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba mbu huvibeba. Lakini swali la wapi vimelea hujificha kati ya homa moja na nyingine lilingoja hadi mwaka 1980, yaani karne kamili baada ya Laveran, ndipo lilipopata jibu la kuridhisha. Mmoja wa waliotia saini jibu hilo alikuwa mzee wa karibu miaka 79 aliyetumia sehemu kubwa ya ujana wake katika hospitali na vijiji vya magharibi mwa Kenya. Jina lake ni Percy Cyril Claude Garnham, na wenzake walimwita Cyril.

Homa ya kinamasi

Kabla ya kumfikia Garnham inafaa kusema neno moja zaidi juu ya Toronto, kwa sababu wengi wa Waafrika Mashariki wanaoishi huko hushangaa wanapoambiwa kwamba mji wao mpya uliwahi kuwa na malaria yake.

John Graves Simcoe, mtawala wa Kiingereza, alipouanzisha mji huo mwaka 1793 kwa jina la York, aliuweka karibu na kinamasi kikubwa kwenye mlango wa mto Don. Walowezi waliugua homa za vipindi mwaka baada ya mwaka, na lawama wakaitupia hewa mbaya ya kinamasi kile. Mji ulibadilishwa jina na kuitwa Toronto mwaka 1834, lakini homa haikujali jina. Mashariki zaidi, wakati wa kuchimba mfereji wa Rideau kati ya miaka ya 1826 na 1832, mamia ya wafanyakazi walikufa, na malaria ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyowaua.

Mbu wa jenasi ya Anopheles wapo Ontario hadi leo, lakini hufanya kazi miezi michache tu ya kiangazi. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba majira marefu ya baridi yangeukata ugonjwa kabisa. Hayakuukata. Vivax ilikuwa na mahali pa kungojea kiangazi kingine, napo ni ndani ya watu wenyewe. Malaria hatimaye ilitoweka Ontario pale ardhi ilipokauka kwa kilimo na nyumba zilipokuwa bora, na kinamasi cha mto Don kilianza kufukiwa katika karne ya 20 ili kupisha bandari. Ilitoweka bila mtu yeyote kufahamu ilikuwa ikilala wapi.

Kisumu na Nandi

Garnham alizaliwa London tarehe 15 Januari mwaka 1901. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's ya mji huo, na mwaka 1925 akajiunga na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Alikaa huko hadi mwaka 1947.

Daktari wa serikali katika Kenya ya wakati ule hakuwa na anasa ya kuchagua ugonjwa mmoja. Garnham alishughulika na malale, na tauni, na homa inayoenezwa na chawa ambayo ilizuka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliandika juu ya malaria ya Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1938 alichapisha uchunguzi wake wa kondo la nyuma la akina mama wenye malaria, akieleza jinsi vimelea vinavyojazana humo na jinsi mwili wa mama unavyopambana navyo. Wakunga wa Nyanza walikuwa wameshaona kwa macho yao kwamba mimba na homa haviendi pamoja. Alichoongeza Garnham ni kuonyesha mapambano hayo ndani ya nyama yenyewe, chini ya hadubini.

Alipanda pia nyanda za juu, Nandi na Londiani, ambako watu walikuwa wakiishi juu ya mstari wa mbu, kama ilivyodhaniwa. Huko malaria haikuwa ugonjwa wa kila siku, bali dhoruba iliyopita mara moja baada ya miaka kadhaa na kuua watu wazima kwa watoto, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kinga. Mwaka 1945 alichapisha taarifa ya milipuko hiyo katika miinuko ambayo vitabu vilisema haiwezekani. Wasomaji wa Kericho, Nandi na Kisii, ambao wameshuhudia milipuko ya namna hiyo ikirejea hata katika miaka ya 1990, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi moja ya wakati huo inastahili kukumbukwa peke yake. Katika bonde la Kodera, Nyanza Kusini, watu walikuwa wakipofuka kutokana na ugonjwa ambao Tanzania huitwa usubi, unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa mitoni. Garnham na mwenzake J. P. McMahon walitia dawa ya DDT katika mito ya eneo hilo, na inzi wakatoweka. Jambo la ajabu ni kwamba wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua viluwiluwi vya inzi hao vinakaa wapi hasa mtoni. Ilikuwa mpaka miaka michache baadaye ndipo McMahon alipogundua kwamba vimejishikiza kwenye magamba ya kaa. Dawa ilikuwa imempata adui gizani.

Ni lazima pia kusema kwamba haya yote yalifanyika chini ya serikali ambayo haikuwauliza watu wa Kodera wala Nandi maoni yao. Mapori yalifyekwa, mito ikatiwa dawa, damu ikatolewa vidoleni mwa watoto, na ripoti zikachapishwa London. Majina ya wauguzi na wasaidizi wa maabara wa Kiafrika walioipaka damu hiyo kwenye vioo hayasomeki kwa urahisi katika kurasa hizo. Tunayemjua ni Garnham, na ndiyo maana makala haya yanamhusu yeye.

Madoa kwenye ini

Swali lililowasumbua wataalamu wa malaria katika miaka hiyo laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mbu anapouma huingiza mwilini chembe nyembamba zinazoitwa sporozoiti. Baadaye vimelea huonekana ndani ya chembechembe nyekundu za damu. Kati ya hatua hizo mbili zinapita siku kadhaa. Katika siku hizo vimelea viko wapi?

Mwaka 1903 Mjerumani Fritz Schaudinn, mwanasayansi mwenye sifa kubwa, alitangaza kwamba ameona sporozoiti ikiingia moja kwa moja katika chembechembe nyekundu. Hakuna mwingine aliyeweza kuona jambo hilo, lakini heshima ya Schaudinn iliwazuia wengi kumpinga, na vitabu viliendelea kulirudia kwa zaidi ya miaka 40. Ni mfano mzuri wa jinsi elimu inavyoweza kukwama kwa adabu.

Dalili za kwamba Schaudinn alikosea zilikuwa zikiongezeka. Katika miaka ya 1930 watafiti wa malaria ya ndege walikuta vimelea vikizaliana nje ya damu, katika ubongo na viungo vingine vya kuku. Wakati wa vita, Neil Hamilton Fairley na wenzake nchini Australia walichukua damu ya wanajeshi waliojitolea kuumwa na mbu, wakawatia watu wengine. Damu iliambukiza kwa muda wa nusu saa tu baada ya kuumwa. Kisha ikawa safi kabisa, hadi siku ya 6 kwa malaria ya falciparum na siku ya 8 kwa vivax. Vimelea vilikuwa vimetoka katika damu na kujificha mahali fulani. Lakini wapi? Binadamu hawezi kupasuliwa viungo vyote ili atafutwe ugonjwa.

Garnham aliitafuta njia kwa kupitia wanyama waliokuwa karibu naye. Kima wa misitu ya Kenya hubeba katika damu yao kimelea kilichoitwa wakati huo Plasmodium kochi. Kinafanana na cha malaria, lakini hakizaliani ndani ya damu na wala kima haonekani kuugua sana. Basi kilizaliana wapi? Garnham alifungua matumbo ya kima na kutazama. Juu ya maini yao aliona madoa meupe yanayong'aa, makubwa kiasi cha kuonekana kwa macho bila hadubini. Alipoyakata na kuyapaka rangi, alikuta kila doa ni mfuko uliojaa maelfu ya vimelea vichanga. Mwaka 1947 alitoa taarifa yake.

Huenda wawindaji wa kima waliyaona madoa hayo vizazi vingi kabla yake. Kuyaona ni jambo moja, na kuyauliza swali ni jambo lingine. Kimelea hicho sasa kinaitwa Hepatocystis kochi, na wataalamu wanakihesabu kuwa jamaa wa malaria badala ya malaria yenyewe. Garnham hakukiacha. Yeye, R. B. Heisch na D. M. Minter walitafuta kwa miaka mingi, katika sehemu nyingi za Afrika, mdudu anayekieneza, na taarifa ya kufaulu kwao ilitoka mwaka 1961: si mbu, bali mdudu mdogo zaidi, wa aina ya wale wanaosumbua watu jioni karibu na maji na ambao huwezi kuwaona mpaka wamekuuma.

Kima mmoja, mbu mia tano

Mwaka huohuo wa 1947 Garnham alirudi London na kujiunga na chuo cha afya na tiba ya nchi za joto, yaani London School of Hygiene and Tropical Medicine. Aliyekuwa akiongoza idara yake alikuwa Henry Edward Shortt, kanali mstaafu wa idara ya tiba ya India, mwanamume aliyezaliwa mwaka 1887 na ambaye angeishi hadi umri wa miaka 100.

Shortt alikuwa na kima wa India wa aina ya rhesus, na alikuwa na kimelea cha malaria cha nyani wa Asia kiitwacho Plasmodium cynomolgi. Kimelea hiki ni kama ndugu wa vivax: homa yake huja kila baada ya saa 48, na baada ya kutibiwa hurudi tena na tena. Kwa hiyo yeyote ambaye angekijua vyema angekuwa ameijua vivax kwa nusu. Watafiti walikuwa wameshatafuta katika viungo vya kima bila mafanikio. Garnham alikuja na picha ya madoa ya Kenya kichwani mwake, na akasisitiza kwamba patazamwe ini.

Tatizo lilikuwa la hesabu. Mbu mmoja huingiza sporozoiti chache tu, na ini ni kubwa. Kutafuta chembe hizo ni kama kutafuta punje moja ya mtama ghalani. Kwa hiyo walimweka kima mmoja mbele ya mbu wapatao 500 walioambukizwa, na mbu walipomaliza kunyonya walisagwa na maji yao kuchomwa ndani ya mwili wa kima yuleyule. Siku ya saba kima huyo aliuawa. Ini lake lilikatwa vipande vyembamba, vikapakwa rangi na kutazamwa kimoja baada ya kingine.

Vilikuwamo. Ndani ya seli za ini vimelea vilionekana vimevimba na kugawanyika, vikijiandaa kuingia katika damu. Taarifa ilichapishwa mapema mwaka 1948, na Schaudinn akawekwa kando baada ya miaka 45.

Mwaka huohuo walithibitisha jambo lilelile kwa binadamu. Mgonjwa katika hospitali ya Horton, karibu na London, ambako malaria ilitumika kutibu kaswende iliyofika ubongoni, aliumwa na mbu wengi mno wenye vivax. Siku chache baadaye alitolewa kipande kidogo cha ini, na vimelea vikaonekana. Matibabu hayo ya kumwambukiza mtu homa ili kuponya maradhi mengine yalikuwa ya kawaida huko Ulaya kabla penisilini haijaenea, na aliyeyaanzisha alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1927. Msomaji wa leo atauliza kama mgonjwa wa akili angeweza kweli kusema hapana. Ni swali la haki. Baadaye zilifuata falciparum na, mwaka 1954, ovale, ambayo ni malaria nyingine inayorudi na ambayo ipo Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo.

Wazo lililodumu miaka thelathini

Hapa ndipo Garnham na Shortt walipochukua hatua moja mbele, na hatua hiyo ikawa na kasoro.

Walimchunguza kima mwingine miezi kadhaa baada ya kuambukizwa na kuona kwamba ini lake bado lina vimelea vinavyozaliana. Kwa hiyo katika mwaka huo wa 1948 walitoa maelezo ya kurudi kwa homa: vimelea vya ini, walisema, huzaa vimelea vingine vya ini, kizazi baada ya kizazi, na mara kwa mara baadhi yao huvuka kuingia katika damu. Yalikuwa maelezo ya kuridhisha. Yaliingia katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari toka London hadi Makerere.

Lakini ukweli haukukaa vizuri ndani yake. Kama vimelea vinazaliana mfululizo ndani ya ini, mbona aina fulani za vivax za nchi za baridi hukaa kimya miezi minane au tisa tangu mbu alipouma, bila hata homa ya kwanza, na kisha hutokea kana kwamba zimeamshwa? Na mbona hakuna aliyeweza kuviona vizazi hivyo vya pili na vya tatu kwa uhakika? Katika miaka ya 1960 na 1970 Garnham mwenyewe alizidi kutilia shaka wazo lake. Aliandika kuhusu uwezekano wa chembe zinazolala, na mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa watafiti waliochapisha uchunguzi wa vivax yenye kungoja kwa muda mrefu. Mtafiti kutoka Afrika Kusini, Miles Markus, aliipa chembe hiyo jina hata kabla haijaonekana: hipnozoiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi.

Wakati huo Garnham alikuwa ameshastaafu. Alikuwa profesa tangu mwaka 1952 hadi 1968, alichaguliwa kuingia katika jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society mwaka 1964, na mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa juu ya vimelea vya malaria na jamaa zake ambacho kimebaki kuwa msingi wa fani hiyo. Kustaafu hakukumtoa maabara. Alihamia katika kituo cha utafiti cha Imperial College nje ya London, akawa akisafiri kutafuta malaria katika wanyama ambao wengine hawakuwafikiria. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza aina mpya kutoka kwa orangutan wa Borneo.

Kisha akaja Wojciech Krotoski, mtafiti kutoka Marekani, na mbinu mpya. Badala ya rangi za kawaida alitumia kingamwili zilizounganishwa na rangi inayong'aa, ambazo hushika vimelea tu na kuviacha vingine vyote gizani. Kima wa rhesus aliingizwa sporozoiti nyingi sana za cynomolgi, na vipande vya ini lake vikawekwa chini ya hadubini yenye mwanga maalumu. Pamoja na vimelea vikubwa vilivyokuwa vikigawanyika, kama vile vya mwaka 1948, vilionekana vingine vidogo mno, vyenye kiini kimoja tu, ambavyo havikuwa vikifanya lolote.

Vilikuwa vimelala. Taarifa ya kwanza ilitoka Januari mwaka 1980, na ya pili, yenye maelezo marefu, mwaka 1982. Jina la Garnham limo katika zote mbili. Mwaka huo wa 1982 hipnozoiti za vivax yenyewe zilionyeshwa katika ini la sokwe.

Sijui ni wataalamu wangapi ambao, baada ya kuona wazo lao likifundishwa ulimwenguni kote kwa miaka 30, wangeweka saini kwenye karatasi inayoliondoa. Garnham aliiweka, na kwa kila dalili aliiweka kwa furaha, kwani alikuwa mmoja wa walioshiriki kuitafuta chembe hiyo.

Dawa na gharama yake

Ugunduzi huu haukuwa wa kupamba vitabu. Dawa za kawaida za malaria, kuanzia kwinini na klorokwini hadi dawa mseto za leo, huua vimelea vilivyomo katika damu. Hazigusi vile vinavyolala kwenye ini. Mgonjwa wa vivax anayetibiwa kwa dawa hizo pekee huondoka hospitalini akiwa mzima, na baada ya wiki au miezi hurudi palepale. Wanajeshi wa Marekani waliotumwa Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walilijua hilo: wengi wao waliugua vivax baada ya kurejea kwao, na wengine homa iliwarudia hata baada ya matibabu.

Primakwini, inayotumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, huziua chembe zilizolala, lakini humezwa kwa siku nyingi, kwa kawaida 14. Tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, humezwa mara moja tu. Dawa zote mbili zilipimwa kwa kima wenye cynomolgi kabla ya kuaminiwa kwa watu. Na zote mbili zina hatari kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwani zinaweza kuvunja chembechembe zake nyekundu za damu. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye historia ndefu ya malaria, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki na Ghuba. Hivyo Mwafrika Mashariki anayepewa dawa hizo mjini Toronto, Muscat au Minneapolis ana haki ya kupimwa kwanza, na afadhali aombe mwenyewe kuliko kungoja kuulizwa.

Kwa wengi wa watu wa Kenya, Uganda na Tanzania vivax si tishio kubwa, kwa sababu chembechembe zao za damu hazina alama iitwayo Duffy ambayo kimelea hicho huitumia kama mlango. Hili nalo lilijulikana katikati ya miaka ya 1970 kwa kuanzia na malaria ya kima, safari hii Plasmodium knowlesi. Hali ni tofauti katika Ethiopia, Eritrea na Sudan, ambako vivax ni ya kawaida, na katika miaka ya karibuni imeonekana hata kwa baadhi ya watu wasio na alama hiyo.

Toronto nayo haikukaa nje ya elimu hii. Murray Fallis, aliyeongoza masomo ya vimelea katika chuo kikuu cha mji huo, alitumia miaka mingi katika mbuga ya Algonquin akichunguza kimelea jamaa wa malaria kinachoua bata wachanga na ambacho, kama cha kima wa Garnham, hupitia kwenye ini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi Tanzania, akichunguza damu ya kuku na kanga.

Na kima je? Maelfu walitolewa India kwenda katika maabara za Ulaya na Marekani hadi serikali ya India ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1978. Sokwe hawatumiki tena katika utafiti wa namna hii nchini Marekani. Sasa wanasayansi hukuza seli za ini katika vyombo vya maabara na kuziambukiza humo, na kazi nyingi iliyohitaji mnyama mzima inaweza kufanyika kwa tone la maji. Lakini hipnozoiti ni ngumu, na swali la nini hasa huiamsha halijajibiwa, kwa hiyo kima wenye cynomolgi bado wapo katika vituo kadhaa duniani. Nairobi kwenyewe kuna taasisi ya utafiti wa wanyama jamii ya nyani, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, ambako nyani wa Kenya wamewahi kuambukizwa knowlesi ili kuchunguza jinsi malaria kali inavyoushambulia ubongo.

Cyril Garnham alifariki dunia siku ya Krismasi mwaka 1994, akiwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka 94. Vioo vyake, vyenye vipande vya maini na matone ya damu ya kima, ndege, popo na watu aliovikusanya tangu siku za Kenya, vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viumbe, Natural History Museum, mjini London, na watafiti bado huenda kuvitazama.